Mawazo Mengi, Milango Michache: Historia ya Msaada wa Akili kwa Wanafunzi na Jamaa Zao Lubumbashi

LUBUMBASHI, Golf. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Jamaa nyingi za Kivu zilitafuta njia ya kuondoka. Wengine walivuka mpaka, wengine walishuka na ziwa kuelekea Kalemie, na baadhi walifika Lubumbashi, mahali walipokuwa na kaka, shangazi au mkwe wa kuwapokea.

Mkimbizi wa namna hiyo haonekani upesi. Haishi katika hema lenye alama ya Umoja wa Mataifa. Anaishi katika chumba cha nyuma, ndani ya uzio, Golf Météo au Golf Malela, pamoja na jamaa iliyompokea. Kutoka barabarani nyumba inaonekana ni ya watu wanaojiweza. Ndani, sufuria moja ya bukari inagawiwa watu ambao idadi yao imeongezeka mara mbili.

Mtoto anaandikishwa shule katikati ya mwaka. Anakaa kimya darasani. Mlango ukifungwa kwa kishindo, anaruka. Usiku anakojoa kitandani, na kwa umri wake hilo lilikwisha zamani. Mwalimu anaona uvivu. Jirani ananong'ona habari za uchawi. Mama yake anasema tu kwamba mtoto ana mawazo mengi, na yeye mwenyewe hajapata usingizi mzuri tangu siku walipoondoka. Wote watatu wanafika kwenye swali moja: apelekwe wapi?

Lubumbashi imekutana na swali hilo mara nyingi tangu ilipoanzishwa mwaka 1910. Kila mara mji ulipopigwa, msaada wa kwanza ulitoka kwa jirani, kwa mwalimu na kwa watu wa dini. Wataalamu walikuja nyuma, na wa kwanza kati yao walikuja kwa kazi tofauti kabisa. Kuifahamu historia hiyo kunasaidia kujua ni mlango upi wa kugonga leo, na kwa nini milango yenyewe ni michache.

Wataalamu waliokuja kupima

Mji ulizaliwa kwa sababu ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Élisabethville ikajengwa karibu na mgodi wake wa kwanza mkubwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha siasa yake ya kazi. Badala ya kuleta vijana kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini, ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto kambini. Ilitoa nyumba, posho, hospitali na shule. Mtoto wa kambi alizaliwa katika hospitali ya kampuni, alisoma katika shule ya kampuni, na alitarajiwa kurithi kazi ya baba yake.

Katika mpango huo ndipo saikolojia ilipoingia Katanga. Katika miaka ya 1950 Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na pedagojia hapa Élisabethville. Wanasaikolojia, kati yao Mbelgiji Paul Verhaegen, walitengeneza na kujaribu vipimo vya akili na vya ustadi wa mikono. Vipimo hivyo vilisaidia kampuni kuamua nani afundishwe kazi ya ufundi, na mwanafunzi yupi aendelee na masomo.

Kazi hiyo ilikuwa ya kweli na iliandikwa katika majarida ya kisayansi ya wakati ule. Lakini mwanafunzi aliyeketi mbele ya mtaalamu aliulizwa anaweza nini. Hakuulizwa anaumwa wapi moyoni. Karatasi ya matokeo ilikwenda kwa mkuu wa kazi au mkuu wa shule. Jamaa nyingi zilibaki na picha hiyo: mtu wa saikolojia ni mtu wa serikali au wa kampuni, anayekuja kuchagua na kukataa. Wazazi na babu wanaosita leo kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa namna hiyo wanaweza kuwa wameirithi bila kujua.

Mwaka 1956 Chuo Kikuu rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kilifungua milango Élisabethville. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vyote vikuu kuwa UNAZA, na vitivo vikagawanywa upya kati ya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Saikolojia na sayansi za elimu zilipelekwa Kisangani. Mji wa pili wa nchi, wenye kambi za wafanyakazi na maelfu ya wanafunzi, ukabaki bila kitivo hicho. Kijana wa Lubumbashi aliyetaka kuwa mwanasaikolojia alipaswa kusafiri hadi upande wa pili wa nchi. Leo Université de Lubumbashi ina tena kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu, lakini pengo la miaka ile linaonekana bado katika uchache wa watu waliofundishwa.

Walioketi na kuzungumza

Wakati kampuni ilipokuwa inapima, watu wa kambi walikuwa na njia zao za kubebana. Ya kwanza ni kilio. Mtu akifa, majirani wanaleta viti, wanawasha moto uani, wanalala nje pamoja na wafiwa, wanapika na kuimba. Mwenye msiba haachwi peke yake usiku. Desturi hiyo ilitoka vijijini ikabadilika mjini, kwa sababu kambini majirani walikuwa wa makabila mbalimbali, na waliohudhuria kilio hawakuwa tena wa ukoo mmoja.

Ya pili ilizaliwa Kolwezi. Padri Mfransisko Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka Élisabethville mwaka 1945, alianza mwaka 1953 kukutana na wafanyakazi wa mgodi na wake zao. Kutoka mikutano hiyo likatokea kundi la Jamaa. Mume na mke waliketi na wengine wakaeleza maisha yao kwa Kiswahili cha Katanga. Maneno waliyoyashika ni ya kila siku: mawazo, mapendo, uzima. Kundi lilienea katika kambi za migodi hadi Lubumbashi. Mtaalamu wa mila Johannes Fabian, aliyefundisha baadaye katika chuo kikuu cha hapa, alitoa kitabu juu yake mwaka 1971.

Baadaye Jamaa iligombana na maaskofu na ikagawanyika. Lakini kwa historia hii kuna jambo moja la kushika. Watu wa kawaida, katika lugha yao, walikubali kwamba mawazo yanaweza kumchosha mtu, na kwamba kuyasema mbele ya watu anaowaamini kunampa nguvu. Kasoro ni kwamba Jamaa ilijengwa juu ya watu wazima waliooana. Mtoto na kijana hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Kambi ya 1961

Katanga ilijitangaza nchi huru tarehe 11 Julai 1960, na utengano ulidumu hadi Januari 1963. Katika miezi ya Agosti na Septemba 1961, Waluba wa mji, wengi wao wenye asili ya Kasai, walianza kukimbia nyumba zao kwa kuogopa kukamatwa na kupigwa. Walikwenda kukaa karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Katika muda mfupi makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanaishi pembeni ya Élisabethville, katika vibanda vya vifaa walivyookota. Katikati ya 1962 Umoja wa Mataifa uliwasafirisha kwenda Kasai na Katanga ya kaskazini.

Habari zilizoandikwa juu ya kambi ile zinahusu chakula, magonjwa, usalama na treni. Watoto waliokatizwa masomo wanatajwa kama vinywa vya kulishwa. Si haki kuwalaumu sana waliohudumu. Wakati huo hata madaktari wa nchi tajiri hawakuwa na jina moja la kukubaliana kwa maumivu yanayobaki baada ya hofu kubwa. Jina linalotumiwa sasa duniani liliingia katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Watoto wa kambi ya 1961 walikuwa wazazi tayari.

Usiku wa Mei 1990

Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wanafunzi wa vyuo vikuu walitoka kuandamana. Lubumbashi, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha waliingia katika majengo ya kulala ya wanafunzi na kuwashambulia. Serikali ilikubali kifo kimoja tu. Mashirika ya haki za binadamu yalisema ni makumi, na wengine walitaja mamia. Ubelgiji ulisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na mambo ya usiku ule yalizungumzwa tena katika Mkutano Mkuu wa Taifa uliofunguliwa Agosti 1991.

Mjadala wote ulikuwa juu ya hesabu ya waliokufa na majina ya waliotoa amri. Mambo hayo yalistahili kuulizwa. Lakini mamia ya vijana walitoka wazima wa mwili baada ya kujificha chini ya vitanda, darini na porini. Walirudi kwa wazazi wao Kasai, Kivu, Bandundu na Kinshasa. Wengine walirudi masomoni baadaye, katika vyumba vilevile. Mzazi wa mwanafunzi kama huyo alipokea kijana aliyebadilika, anayekaa gizani na kukasirika bila sababu, na hakuna mtu wa kumweleza kwamba hayo hutokea kwa watu wenye akili timamu waliopita katika hofu.

Treni za Likasi na baba bila kazi

Miaka iliyofuata ilileta mapigo mawili kwa pamoja. Kuanzia Septemba 1992 Likasi, na Machi 1993 Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na kazi zao. Mamia ya maelfu waliondoka Katanga. Wengi walizaliwa hapa na hawakuwahi kuiona Kasai. Walisubiri treni kwenye vituo kwa majuma na miezi, na wengi walikufa pale au njiani, hasa watoto na wazee. Madarasa yalipoteza wanafunzi na walimu kwa siku moja. Waliobaki waliona viti vitupu vya rafiki zao, na katika nyumba nyingi ilikatazwa kuwataja.

Wakati huohuo Gécamines ilianguka. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba; mwaka 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa, posho ikakatika, hospitali na shule za kampuni zikachakaa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 jinsi jamaa ya mfanyakazi ilivyojengwa juu ya mamlaka ya baba, na jinsi mamlaka hayo yalivyobomoka. Baba alikaa nyumbani. Mama alikwenda kuuza sokoni. Watoto walimtazama baba kwa macho mapya.

Katika miaka hiyo serikali haikuweza tena kumlipa mwalimu vizuri, na wazazi wakaanza kumchangia mshahara. Mwalimu akawa mtu wa kudai. Aliyepaswa kumwona mtoto mwenye huzuni ndiye aliyemfukuza darasani kwa sababu hajalipa. Uhusiano huo uliumizwa sana, na ulikuwa mlango wa karibu kuliko yote.

Jambo la kutisha zaidi liliwapata watoto wadogo. Nyumba zilizojaa njaa na vifo zilitafuta wa kulaumiwa. Mtoto anayeongea usingizini, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani, aliyefiwa na mama na kupelekwa kwa mama wa kambo, aliitwa mchawi. Makanisa mengine ya maombi yalithibitisha lawama hiyo na kumfungisha mtoto chakula au kumpiga. Wengi waliishia barabarani. Ukiitazama orodha ile ya dalili, ni ileile ambayo muuguzi angeitambua kuwa ni ya mtoto mgonjwa au mwenye hofu.

Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Élisabethville mwaka 1911 kwa kazi ya shule, walifungua nyumba za Bakanja kuwapokea watoto wa barabarani, kuwarudisha masomoni na, inapowezekana, kuwapatanisha na jamaa zao. Nchi nayo iliweka sheria. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini mtu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi. Sheria hiyo inamhusu mchungaji, inamhusu jirani, inamhusu pia shangazi.

Nyumba yenye jina la daktari wa Ghent

Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili na ya neva kinachoitwa Dr Joseph Guislain. Wengi wanalijua jina hilo, wachache wanajua limetoka wapi. Guislain alizaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1797. Alifanya kazi pamoja na padri Petrus Jozef Triest, aliyeanzisha shirika la Mabruda wa Huruma, yaani Frères de la Charité, mwaka 1807. Mwaka 1815 shirika hilo lilianza kuwatunza wanaume wagonjwa wa akili wa Ghent waliokuwa wamefungwa katika vyumba vya chini vya ngome ya zamani. Triest na Guislain walitaka minyororo iondolewe, na mgonjwa apewe kazi, usafi, utaratibu na heshima.

Mabruda haohao ndio wanaosimamia kituo cha Lubumbashi. Jamaa zilizotoka Kivu zinawafahamu tayari kwa majina mengine. Bukavu kuna Sosame, iliyoanza mwaka 1994, mwaka ambao wakimbizi wa Rwanda walimiminika mpakani. Goma kuna Tulizo Letu. Mtu aliyekuwa anatibiwa katika nyumba hizo akakatiza dawa kwa sababu ya vita, Lubumbashi hayuko ugenini kabisa: nyumba ya Guislain ni ndugu ya zile. Akifika na karatasi yake ya zamani, au hata na pakiti tupu ya dawa, anamrahisishia kazi atakayempokea.

Shida ya kituo cha namna hiyo ni aibu ya mlangoni. Watu wengi wanaamini ni mahali pa wanaotembea uchi barabarani, na mzazi anaogopa mtoto wake aonekane pale. Kwa hiyo wanasubiri. Wanapita kwanza kwa waombezi watatu na kwa waganga wawili, wanauza simu na jenereta, na wanafika kituoni wakati ugonjwa umekomaa na pesa zimekwisha. Mtoto mwenye kifafa anapoteza miaka ya shule kwa kuchelewa huko, na kifafa ni ugonjwa wa neva wenye dawa.

Golf kati ya kimya na redio

Golf ilipata jina lake kutoka kwenye uwanja wa mchezo wa golf wa wakati wa ukoloni. Mji ule ulikuwa umekatwa vipande: Wazungu upande wao, Waafrika Kamalondo na baadaye Kenya, Katuba na Ruashi, na kati yao eneo lililoachwa wazi kwa amri. Katika miaka ya 2000 bei ya shaba na kobalti ilipopanda, upande wa Golf ulijengwa haraka, na majina yakaongezeka: Météo, Malela, Plateau, Maisha.

Ujenzi huo una upande wake katika historia ya afya ya akili. Katuba au Kenya, kilele cha kilio kinasikika nyumba kumi. Mtoto anayepigwa usiku, majirani wanajua asubuhi. Golf kuna kuta na mageti. Faragha inamlinda mwenye nyumba, na inamficha anayeumia ndani. Mgeni aliyetoka vitani, aliyezoea uwanja wenye watu, anakaa siku nzima na televisheni katika lugha ambayo pengine haielewi vizuri.

Kinachopita juu ya kuta ni redio. Lubumbashi ina desturi ndefu ya kuzungumza mambo ya nyumbani hewani kwa Kiswahili. Kundi la Mufwankolo lilichekesha mji kwa michezo juu ya ndoa, ulevi, deni na watoto wasiosikia, na wasikilizaji walijikuta wakijadili ya kwao kupitia ya wachezaji. Tangu Februari 2002 Radio Okapi imekuwa ikifikisha habari kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi. Mwaka 2000, katika Université de Lubumbashi, ulianza mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao wanahistoria Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki waliusimamia. Watu wa kawaida walieleza maisha yao, walileta vitu vyao vya nyumbani, na walivitazama katika maonyesho ya mji. Haukuwa mradi wa tiba. Hata hivyo ulionyesha kwamba watu wa hapa wakiulizwa vizuri, husema.

Kuulizwa huko kulihitajika tena. Watu wa Mitwaba, Manono na Pweto walikimbia mapigano ya Mai-Mai mwaka 2005 na 2006. Tarehe 23 Machi 2013 na tarehe 14 Februari 2021 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi kwenyewe, na risasi zikasikika mjini. Watoto waliosikia mlio ule mwaka 2013 wakiwa na miaka saba ni watu wazima sasa. Baadhi yao wamekuwa walimu.

Milango ya leo

Septemba 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi kuwa bure katika shule za umma. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia, na madarasa yakafurika. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hawezi kuwa daktari wa kila mmoja, na hakuna anayepaswa kumwomba hilo. Lakini mwalimu aliyesoma sehemu ya pedagojia amewahi kujifunza saikolojia ya mtoto, na kitu kinachotakiwa kwake kwanza si kikubwa.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wasio wataalamu. Una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kutazama ni kuona nani amebadilika, nani hali chakula, nani analala darasani. Kusikiliza ni kukaa naye pembeni bila kumlazimisha kueleza yaliyomtisha. Kuunganisha ni kumfikisha kwa mtu anayeweza zaidi. Bibi aliyepitia kambi ya 1961 angezitambua hatua hizo, kwa kuwa ndizo majirani wanazofanya kwenye kilio.

Kwa jamaa ya Golf, njia inaweza kufuata mpangilio huu. Mlango wa kwanza ni mwalimu wa darasa, au prefe katika shule ya sekondari. Mzazi amweleze mapema mtoto ametoka wapi na amepita katika nini, kabla ya matokeo mabaya kutoka. Sentensi mbili zinatosha, na zinamwokoa mtoto na fimbo ya uvivu.

Mlango wa pili ni kituo cha afya cha karibu. Homa ya mara kwa mara, kifafa, upungufu wa damu au njaa huweza kuonekana kama shida ya akili, na muuguzi anaweza kuvitenganisha. Anaweza pia kuandika barua ya kumpeleka mtoto kwa mtaalamu.

Mlango wa tatu ni wataalamu wenyewe: kituo cha Guislain kwa ugonjwa unaohitaji daktari, na kitivo cha saikolojia cha chuo kikuu, ambako mzazi au mwalimu anaweza kuuliza ni nani aliyefunzwa kusikiliza vijana. Mwanafunzi wa chuo naye ana haki ya kuuliza huko bila kupitia kwa wazazi wake.

Parokia, kanisa na msikiti vina nafasi yao. Maombi yanampa mtu nguvu na watu wa kuwa nao. Lakini kiongozi wa dini anayemkataza mgonjwa dawa, anayemfunga au kumpiga, ametoka katika maombi, na kama anamwita mtoto mchawi, amevunja sheria ya 2009.

Kuna hali zisizosubiri mpangilio wowote: mtoto au kijana anayesema anataka kufa, aliyeacha kula kabisa, anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, au anayetishia kujiumiza. Huyo anapelekwa siku hiyohiyo, na haachwi peke yake, hata kama ni usiku na gari ni la kuazima.

Mama nao wasisahauliwe, wala walimu. Mtoto hupona polepole katika nyumba ambamo mkubwa wake halali. Shangazi aliyepokea watu tisa bila mshahara kuongezeka ana mzigo wake, na mwalimu aliyetoka Bukavu anafundisha Lubumbashi akiwa na mawazo yaleyale ya wanafunzi wake. Wakiketi pamoja Jumamosi mchana, nyuma ya uzio wa Golf, juu ya viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani, watakuwa wanafanya jambo ambalo mji huu umelifanya tangu enzi za kambi za Union Minière. Safari hii wamwekee kiti na mtoto.